Kumpa Mungu nafasi katika maisha ya kila siku: maana yake hasa

Mkristo akiambiwa ampe Mungu nafasi, mara nyingi anafikiria kuongeza kitu: mkesha mwingine, mfungo mwingine, kipindi kingine cha maombi katikati ya juma. Mambo hayo ni mema na yanajenga, lakini siyo kiini. Kumpa Mungu nafasi ni kuishi ukijua kwamba yupo hapo ulipo, na kukubali jambo hilo liguse unachofanya saa hiyo hiyo, kiwe kazi, maongezi au hasira.

Dhana hii imejengwa juu ya imani kwamba Mungu haji kwetu kutoka mbali. “Niende wapi nijiepushe na roho yako? Niende wapi niukimbie uso wako?” inauliza Zaburi ya 139. Yakobo naye, akiwa safarini kumkimbia ndugu yake, alilala nje na jiwe chini ya kichwa, akaamka akisema, “Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua” (Mwanzo 28:16). Mungu hakuhamia pale usiku ule. Aliyebadilika ni Yakobo. Ndiyo maana napenda tuwe waangalifu tunaposema baada ya ibada ya Jumapili kwamba uwepo ulishuka. Tulichokihisi kilikuwa cha kweli, lakini Jumatatu kwenye foleni ya daladala, vyombo vya muziki vikiwa vimefungwa, Mungu hajaondoka.

Mtu aliyeliishi jambo hili kwa namna inayonigusa kuliko wote ni Nicolas Herman, Mfaransa wa karne ya 17. Aliwahi kuwa askari, akajeruhiwa, akabaki akichechemea. Mwaka 1640 aliingia kwa Wakarmeli Peku, shirika la watawa Wakatoliki, jijini Paris akawa bruda, akaitwa Laurent wa Ufufuko. Hakupewa kazi ya kuhubiri wala kufundisha. Alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda hata kidogo. Alipika huko kwa miaka mingi, na baadaye akashona makubazi ya watawa wenzake. Kuna safari moja alitumwa Bourgogne, eneo la Ufaransa, kununua mvinyo wa nyumba ya watawa. Hakuwa mjuzi wa biashara, na kwa ule mguu wake alilazimika kujiviringisha juu ya mapipa ili asogee ndani ya mashua. Alimwambia Mungu kwamba kazi ile ni yake, kisha akaifanya.

Njia yake ilikuwa nyepesi kueleza: kuzungumza na Mungu ndani ya kazi, kwa maneno machache, bila kusubiri kazi iishe. Mawazo yakipotea, anarudi. Akikosea, anakiri, anaomba neema, anaendelea, bila kukaa akijilaumu mchana kutwa. Ila tusidhani ilimjia kirahisi. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba miaka kumi ya mwanzo aliteseka sana rohoni. Anayejaribu kwa wiki mbili asisikie chochote hajashindwa, maana kumpa Mungu nafasi hakupimwi kwa msisimko.

Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yaani mwongozo wa maisha ya watawa, ilikuwa imeshamwagiza mtunza ghala wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe, sufuria, ndoo, vyote. Anayefuata kanuni hiyo hawezi kumheshimu Mungu kanisani halafu akavurumisha vifaa karakanani. Wabenediktini, watawa wanaoifuata, waliileta roho hiyo hadi Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania, ambako sala na kazi za mikono zimekwenda pamoja tangu mwanzo.

Sasa mtazame mama wa genge anayepanga mafungu ya nyanya alfajiri. Zipo zilizoanza kulainika upande mmoja, na mkono wenye uzoefu unajua kuzigeuza ili mteja aone upande mzima tu. Hapo hapo, kabla fungu halijakamilika, ndipo Mungu anapopewa nafasi au kunyimwa. Akinong'ona, “Bwana, uko nami hapa,” kisha akazitenga zile laini na kuziuza bei ya chini, amefanya ibada. Akiimba pambio huku anazigeuza, pambio lake halijamfungulia Mungu mlango.

Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo la toba lililoenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 hadi Kenya na Tanganyika, walilishika jambo hili kwa namna yao. Waliliita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Ukimkosea mwenzako, unakiri na kutubu mapema, hungoji dhambi izoeleke moyoni. Nadhani hili ndilo tunalolisahau zaidi siku hizi. Tunapanga muda wa sala vizuri, lakini tunabaki na kinyongo dhidi ya shemeji kwa miaka, nacho kinakalia nafasi ile ile tunayosema tumempa Mungu.

Nyakati maalumu bado zina kazi yake. Danieli aliomba mara tatu kila siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, na parokiani kengele ya sala ya Malaika wa Bwana hupigwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Saa hizo zinamkumbusha mtu anayesahau, na sote tunasahau. Asiye na kengele achague jambo analolifanya kila siku bila kukosa, kama kuwasha jiko au kufungua duka, alifanye kuwa ukumbusho wake. Na mama mwenye mtoto mchanga, aliyezoea kuamka saa kumi usiku kusoma Neno na sasa hawezi, asiishi na hatia. Anaponyonyesha saa nane usiku na kusema “Bwana, nisaidie”, hiyo ni sala kamili, na Mungu ameisikia.