Mbwa kubweka si kukulinda

Wengi huamini kwamba mbwa yeyote aliyelelewa nyumbani, siku mwizi akiingia, atamrukia bila kufundishwa. Si kweli. Kinachowajia mbwa wengi kwa asili ni kubweka, yaani kutoa taarifa kwamba kuna mgeni. Kumkabili mgeni huyo ni jambo jingine kabisa.

Mtazame vizuri mbwa anayebweka getini: mkia ameufyata, masikio yamelala nyuma, na mgeni akipiga hatua moja mbele, yeye anarudi mbili. Huyo ana hofu. Akiuma, anajitetea mwenyewe, na anaweza kumuuma hata mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake.

Mbwa wa polisi huchaguliwa, kisha hufundishwa kwa miezi kadhaa kushika na, muhimu zaidi, kuachia kwa amri. Kwa hiyo nakuomba sana, usimpige mbwa wako wala kumfunga mnyororo kutwa ili “awe mkali”. Unamtia woga tu. Mtoto wa mbwa hujifunza kuzoea watu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14. Mkutanishe nao mapema, kwa upole. Kazi ya kuzuia wezi iachie milango na kufuli.