Chanjo ya homa ya ini kwa walio hatarini: usisubiri gari la matangazo

Kila inapokaribia tarehe 28 Julai, Siku ya Homa ya Ini Duniani, swali tunaloulizwa zaidi na wananchi wa Mwanza ni lile lile: "Kampeni ya chanjo ya ini inakuja lini?" Wanauliza kwa nia njema, nasi tunashukuru. Hata hivyo, kwa mtu aliye kwenye hatari kubwa, kusubiri kampeni ni kujichelewesha. Mahali pake pa kuuliza ni kliniki ile ile anayokwenda kwa shida zake za kawaida.

Tulijifunza hili wakati wa UVIKO-19. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo hiyo tarehe 28 Julai 2021, na huku kwetu tukaweka mahema na vipaza sauti. Waliofika hemani walikuwa wale wenye nguvu za kusimama foleni. Mzee wa kisukari alibaki nyumbani, na tulimfikia pale muuguzi wa kliniki yake alipoanza kumuuliza habari za chanjo siku aliyofuata dawa. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura imekwisha, mahema yaliondoka. Kisukari hakikuondoka, wala kliniki yake. Ndiyo maana tunawahimiza waganga wafawidhi, yaani wakuu wa vituo vya afya, waifanye chanjo ya walio hatarini kuwa sehemu ya kazi ya kila siku, sawa na kupima presha na uzito.

Nazungumzia homa ya ini aina ya B. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivi, na watu milioni 1.1 walikufa kwa madhara yake, hasa ini kusinyaa na saratani ya ini. Walio hatarini zaidi ni watumishi wa afya na wanafunzi wa vyuo vya afya, mke au mume na watu wa nyumba moja na mwenye virusi, wanaoishi na VVU, wanaosafishwa figo, wanaojidunga dawa za kulevya na wenye wapenzi zaidi ya mmoja. Kwenye kambi za wavuvi naongeza wale wanaonyolewa kwa wembe mmoja unaozunguka kambi nzima. Damu iliyokauka kwenye wembe huo inaweza kubaki na virusi hai kwa siku saba au zaidi.

Hapa niseme bila kuzunguka. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula ugali na sato sahani moja, kwa kupeana mkono wala kwa mbu. Tumeshaeleza hivyo mara nyingi, na bado kuna familia zinazomtengea mgonjwa kikombe na sahani, halafu zinachangia mkasi wa kucha. Vinapita kwenye damu, kwenye ngono isiyo salama, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua.

La pili ni kichocho. Pembezoni mwa Ziwa Victoria kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kwetu, na mayai ya minyoo yake huganda kwenye ini, mgonjwa akavimba tumbo au akatapika damu. Kwa hiyo mtu aliyemeza prazikwanteli shuleni hujiona amekwisha kujikinga na "ugonjwa wa ini". Hapana. Prazikwanteli inaua minyoo ya kichocho tu. Haigusi virusi vya homa ya ini, na chanjo ya homa ya ini haizuii kichocho. Ukivua, ukifua au ukioga ziwani unahitaji kujilinda na yote mawili, kila moja kwa njia yake.

Sasa utaratibu. Ukifika kliniki, mwambie mhudumu mwenyewe kwamba unataka kujua hali yako ya homa ya ini B. Utatolewa damu kidogo, na kwa kipimo cha haraka majibu hutoka kabla hujaondoka. Kipimo kikionyesha huna virusi, unaanza chanjo. Kikionyesha unavyo, hutachanjwa, kwa sababu chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Utapelekwa kwa daktari aangalie ini na aamue kama unahitaji dawa sasa au unahitaji kufuatiliwa. Kuna watu wanakasirika kwa kunyimwa sindano, wanadhani wamebaguliwa. Kuwachanja kungekuwa kuwapa matumaini ya uongo na kuwachelewesha kwenye matibabu.

Sindano ya mtu mzima hudungwa kwenye msuli wa bega. Ukiona mtu anataka kukudunga chanjo hii kwenye kalio, mzuie na uulize, maana hapo kinga haijengeki vizuri. Baada ya sindano kaa kituoni dakika kumi na tano. Maumivu ya bega, uchovu au homa ndogo ni maudhi ya kawaida na huisha kwa siku moja au mbili. Ukipata shida ya kupumua au uvimbe wa uso, rudi kituoni saa hiyo hiyo.

Dozi ni tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Tatizo kubwa tunalopambana nalo ni watu kuishia dozi moja. Aliyechanjwa kwenye kampeni ya Julai hana wa kumkumbusha Agosti, sembuse Januari. Anayechanjwa kliniki ya huduma na matibabu ya VVU (CTC), kliniki ya wajawazito au kwenye chumba cha kusafisha figo anaandikiwa tarehe kwenye kadi anayorudi nayo kila mara. Na ukichelewa, usianze upya. Unaendelea ulipoishia, hata kama imepita miezi.

Wavuvi wa dagaa huniambia hawana tarehe, wana giza na mbalamwezi. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu, na naona kalenda yao inafaa kuliko yetu. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, watu wanapumzika na kushona nyavu. Chukua dozi ya kwanza mbalamwezi hii, ya pili mbalamwezi inayofuata, na ya tatu mbalamwezi ya sita baada ya ile ya kwanza. Vipindi hivyo vinakubalika kitaalamu. Ukihama mwalo, yaani kituo cha kushushia samaki, ukatoka Igombe ukaenda Ukara, nenda na kadi, uendelee kwenye kituo cha huko. Kwa ndugu zetu wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko haiwezi tena kuwa sababu ya kukosa dozi.

Kabla ya kusafiri umbali mrefu uliza kwanza kituo chako kama dozi ipo na utaratibu wa malipo ukoje. Usinunue chanjo kwa mtu anayepita mwaloni na begi. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na ikiganda imeharibika hata kama kwa macho inaonekana safi. Tumewahi kulaumiwa na wananchi kwamba wauguzi wetu wanakuja na "barafu iliyoyeyuka" wakati mwaloni kuna barafu ngumu ya sangara. Wauguzi hao walikuwa sahihi. Pakiti za barafu huachwa nje mpaka ukizitikisa usikie maji ndani, ndipo zinawekwa kwenye kibebeo cha chanjo. Barafu ya sangara ingeiua chanjo.

Kwa mama mjamzito: omba kipimo hiki mapema kliniki. Ukikutwa na virusi, panga kujifungulia kituoni na uwaambie wahudumu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto apate dozi ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, kwa hiyo zungumza na kituo mapema kuhusu dozi hiyo. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinazomkinga pia na homa ya ini ziendelee kama kawaida, na kunyonyesha kuendelee. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki na virusi maisha yake yote ni karibu asilimia 90. Kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5.

Kwa anayeishi na VVU, tafadhali nisikilize kwa makini. Tenofova iliyomo kwenye dawa nyingi za kufubaza VVU inazuia pia virusi vya homa ya ini B. Mwenye virusi vyote viwili akiacha dawa, ini linaweza kushambuliwa ghafla na vibaya. Asiye na virusi vya homa ya ini B achanjwe. Huenda akahitaji dozi kubwa zaidi, au kipimo cha kinga mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, na hilo daktari wa CTC ataamua. Anayesafishwa figo vivyo hivyo.

Mwisho ni kadi, kwa sababu malalamiko yameongezeka. Kadi halali ina jina lako, tarehe ya kila dozi, namba ya toleo la chanjo, saini ya mchanjaji na mhuri wa kituo. Vyuo vya afya na waajiri wanapoiomba, wapo wanaotafuta njia ya mkato na kununua kadi iliyokwisha gongwa mhuri. Huko ni kughushi nyaraka, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na aliyeitumia akijua ni ya uongo anashitakiwa sawa na aliyeitengeneza. Tukiletewa kadi tunalinganisha namba ya toleo na rejista ya kituo kilichotajwa. Jina lisipokuwemo, kadi inazuiliwa na suala linakwenda polisi. Mwanafunzi wa uuguzi mwenye kadi ya kununua ataingia wodini na kuchomwa sindano yenye damu ya mgonjwa akiwa hana kinga yoyote.

Aliyepoteza kadi halali hana kosa. Aende kituo alichochanjiwa akiwa na kitambulisho na mwezi anaokumbuka kuchanjwa. Jina lake litatafutwa kwenye rejista, ataandikiwa nyingine, na kama bado anadaiwa dozi atapewa siku hiyo hiyo iwapo ipo.