Upanga wa mikono miwili haukuwa wa Wakelti wa kale

Wakitajwa Wakelti wa kale, wale watu wa bara la Ulaya walioishi kabla ya Kristo, haichukui muda kabla mtu hajaleta lile jitu la nywele nyekundu, kifua wazi, limekamata kwa mikono yote miwili upanga unaolifika kidevuni. Filamu zimelizoesha, michezo ya kompyuta imelikuza, na sasa hata watu wanaoipenda historia wanauita "upanga wa Kikelti" bila kusita. Tuliweke sawa.

Maana yenyewe ni fupi. Upanga wa mikono miwili ni ule uliofuliwa tangu mwanzo ushikwe kwa mikono yote miwili: mpini wake unatosha ngumi mbili na kubaki, na uzito wake umepangwa kwa kazi hiyo. Urefu wa bapa peke yake hautoshi kuupa jina hilo. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu panga za Wakelti kweli zilikuwa ndefu.

Chukua zile za utamaduni wa La Tène, yaani wa Wakelti hao, ulioitwa hivyo kwa jina la mahali kando ya ziwa Neuchâtel huko Uswisi, ambako silaha nyingi zilianza kuopolewa mwaka 1857. Mwanzoni bapa lilikuwa la sentimita 60 hivi. Kufikia karne mbili za mwisho kabla ya Kristo, mengine yalifika 80 hata 90. Lakini angalia mpini. Ule mkia wa chuma uliovikwa mti, pembe au mfupa una nafasi ya ngumi moja tu. Mkono wa pili ulikuwa na kazi yake: kushika ngao.

Ushahidi wa ngao ni mwingi mno. Diodorus wa Sicilia, aliyeandika katika karne ya 1 KK, anasema Wagalia, yaani Wakelti wa Galia (karibu na Ufaransa ya leo), walibeba ngao zenye kimo cha mtu, na upanga mrefu uliotundikwa ubavu wa kulia kwa mnyororo wa chuma au shaba. Sanamu ya shujaa wa Vachères, kusini mwa Ufaransa, inaonyesha hivyo hivyo: vazi la pete za chuma, upanga kuume, mkono juu ya ngao. Naye Polybius, mwanahistoria Mgiriki, akisimulia vita vya Telamon kati ya Waroma na Wagalia mwaka 225 KK, anawataja Gaesatae, kundi la wapiganaji wa Kigalia, waliosimama mstari wa mbele uchi wa mnyama, wakaumizwa vibaya na mikuki ya kurushwa kwa sababu ngao zao hazikuwasitiri mwili mzima. Yaani hata waliovua nguo hawakuvua ngao. (Polybius huyo huyo ndiye aliyetuachia ile habari ya panga za Wagalia kupinda kwa pigo la kwanza, ikabidi mtu aunyooshe upanga wake kwa mguu. Ina chumvi ndani yake: panga zilizochunguzwa zilitofautiana sana, nyingine za chuma laini, nyingine za chuma kizuri kabisa.)

Basi ule wa mikono miwili umetoka wapi? Umetoka Uskoti, tena baadaye sana. Ndio claymore, kwa Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu za huko, claidheamh mòr, yaani upanga mkubwa: urefu wa sentimita 140 hivi, uzito wa kilo mbili na nusu au karibu na hapo, na enzi yake ni mwisho wa karne ya 15 hadi ya 17. Ulaya nzima ilikuwa imeanza kutumia panga za aina hiyo wakati ambapo deraya za mabamba ya chuma zilimlinda mtu kiasi cha kuweza kuiacha ngao, na mkono wa kushoto ukapata nafasi. Na kuna kichekesho hapa: katika karne ya 18 jina claymore lilitumiwa pia kwa upanga wa mkono mmoja wenye kikapu cha chuma cha kukinga kiganja, ule ambao Waskoti wa Nyanda za Juu walikwenda nao kwenye vita vya Culloden mwaka 1746.

Kati ya Telamon na claymore kuna zaidi ya miaka 1,600. Kinachoiziba miaka hiyo vichwani mwa watu ni jina. Keltoi lilikuwa neno la Wagiriki kwa watu wa bara la Ulaya. Julius Caesar anasema watu wa Galia ya kati walijiita hivyo wenyewe, huku Waroma wakiwaita Galli. Hakuna mwandishi wa kale aliyewaita Wakelti watu wa Uskoti au Ireland. Hilo lilikuja baada ya Edward Lhuyd, mtaalamu kutoka Wales, kuonyesha mwaka 1707 kwamba Kiwelisi, Kiairishi, Kibretoni na wenzake ni ndugu wa lugha ya Wagalia. Akaiita familia hiyo ya Kikelti, na jina likahama kutoka kwenye lugha kwenda kwa watu, ngoma, misalaba, hata klabu ya mpira ya Glasgow.

Sisi tunaujua mtego huu. Bantu ni jina la familia ya lugha, lililowekwa na wasomi wa karne ya 19. Mtu akiuchukua mkuki mfupi wa Wazulu wa zama za Shaka akauita "silaha ya Wabantu wa kale", utamwambia ngoja kwanza: Wabantu gani, na wa lini?

Kwa hiyo upanga ule mrefu, wenye kikingio kilichoinamia upande wa bapa na vipete vinne vinne nchani kama ua, uite claymore, au upanga wa Nyanda za Juu za Uskoti. Ukisema ni wa Kikelti kwa maana kwamba wenyewe walizungumza Kigaeli, hatutagombana. Ila ukimchora shujaa wa La Tène, mpe ngao kushoto na mkuki kulia, maana mkuki ulikuwa silaha ya wengi kuliko upanga. Upanga, kama alikuwa na uwezo wa kuupata, uache umning'inie kiunoni, upande wa kulia.