Je, wajua kwa nini bingwa wa hesabu sokoni hukwama darasani?

Mtoto mmoja wa miaka 12, muuza nazi mjini Recife, Brazil, aliulizwa na mteja: nazi nne ni kiasi gani? Moja ilikuwa 35. Akapiga hesabu kwa sauti: tatu ni 105, ongeza 30, 135… 140. Sawasawa kabisa.

Baadaye akapewa karatasi: 35 mara 4. Nne mara tano, ishirini. Andika 0, beba 2. Mbili na tatu, tano. Tano mara nne, ishirini. Jibu lake: 200.

Mteja yule alikuwa mtafiti. Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha matokeo hayo mwaka 1985. Wachuuzi walikuwa watano tu, wa miaka 9 hadi 15. Barabarani walipatia asilimia 98 ya maswali. Kwenye mafumbo, yaani hesabu zilizosimuliwa kwa maneno, walipata asilimia 74, na kwenye hesabu kavu, zisizotaja nazi wala pesa, asilimia 37.

Tatizo la yule kijana si uvivu wala jedwali la kuzidisha. Alijumlisha 2 aliyoibeba kabla ya kuzidisha, wakati ilipaswa kusubiri. Lakini tazama tofauti ya njia zenyewe. Barabarani anaanza na fungu kubwa analolijua, kisha anaongeza kidogo kidogo, na kila namba anayoitamka ni pesa. Karatasini anaanzia kulia, na ile 3 ya thelathini inageuka kuwa tatu tupu. Maana ikishapotea, hakuna kinachomshtua: nazi tatu kwa 105, ya nne itafikishaje 200?

Watano ni wachache, nakubali. Ila mwaka 2025 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa watoto 1,436 wa masokoni Kolkata na Delhi, India, uliofanywa na wachumi Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao. Wateja waliagiza vipimo visivyozoeleka, mathalani gramu 800 za viazi, ili bei za kukariri zisisaidie. Watoto walihesabu vizuri, chenji ikatoka sahihi. Hesabu za kitabuni zikawashinda wengi.

Kinyume chake ndicho kilichonishangaza zaidi. Wanafunzi wasiofanya biashara walizimudu zaidi hesabu za kitabuni, lakini walipopewa swali la sokoni ambalo zaidi ya theluthi moja ya wachuuzi waliliweza, waliopatia walikuwa asilimia 1 tu.