Jicho la mtoto halisubiri viza
"Daktari, tuandikie rufaa ya India. Rwanda nchi ndogo, saratani ya jicho wataiwezea wapi?" Nimeyasikia tena juzi, mara ya tatu mwezi huu. Safari hii ni baba aliyekwisha kuuza ng'ombe wawili. Mwanawe ana miaka miwili, jicho la kushoto limejaa uvimbe na halioni kitu.

Jicho la namna hiyo hutolewa, hata huko India. Upasuaji wenyewe ni wa saa moja hivi. Dawa za kemo, yaani za kuua seli za saratani, ni vinkristini, kaboplatini na etoposidi, dawa za zamani, na hospitali ya Butaro, hapa hapa Rwanda, wanatoa kemo tangu 2012. Tiba ya mionzi ipo Kigali tangu 2019. Sasa tiketi ya nini?

Retinoblastoma, ndiyo saratani hii ya jicho la watoto, humpata mtoto mmoja kati ya kila 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa. Kwa Rwanda ni kama watoto 20 kwa mwaka. Wapo wanaosema idadi hiyo haistahili huduma yake. Mimi naona ndiyo nafuu yetu: watoto 20 wanatoshwa na timu moja inayojuana, akiwemo mtu mmoja wa kuzipigia simu familia zilizoacha kurudi kliniki. Jordan nayo si nchi kubwa. Mwaka 2003 madaktari wa Amman walianza kujadili wagonjwa wao kwa intaneti na wenzao wa St. Jude, hospitali ya watoto ya Memphis, Marekani. Zilizosafiri ni picha za macho. Watoto, walio wengi, walibaki kwao.

India ina mahali pake: mtoto ambaye jicho moja limeshatolewa, la pili lina uvimbe ambao dawa ikipitishwa kwenye ateri ya jicho huenda ikaliokoa. Huyo namwandikia rufaa siku hiyo hiyo. Lakini familia ikichangisha miezi minne kwa ajili ya jicho lililokwisha kufa, uvimbe unafuata neva hadi ubongoni, na hapo sina la kuwaambia.

"Ukitoa jicho, saratani inatawanyika." Inatawanyika ikiachwa humo. Wapasuaji wenzangu nawasihi: kateni kipande kirefu cha neva ya jicho, jicho liingie kwenye formalini, dawa ya kulihifadhi, likiwa na jina la mtoto, likapimwe maabara. Nimeshapokea mtoto aliyetolewa jicho na hakuna ajuaye liliishia wapi. Nitajuaje kama anahitaji kemo?

"Ni mtoto wa jicho tu." "Makengeza yataisha akikua." Labda. Kwanza atanuliwe mboni, tuangalie ndani. Na mboni iking'aa nyeupe kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi, usiifute. Njoo nayo.

"Kwenye ukoo wetu haumo." Watoto wengi wenye aina ya kurithi ndio wa kwanza kwao. Kwa hiyo naomba kuwaona na ndugu zake, hasa wachanga.

Yule baba alirudi Jumatatu, bado hajanisadiki sawasawa. Mtoto alikuwa hajala tangu usiku, kama tulivyoagiza. Nyuma yao alikuja mama, na kitinda mimba mgongoni.