Nyumba inauzwa, reli ya besimenti inakwenda wapi? Dhana potofu na ukweli

Marekani zipo nyumba ambazo chumba chake cha chini ya ardhi, besimenti, kimejaa reli ya treni za mfano. Sizungumzii treni ya mtoto iliyotandazwa sakafuni. Ni meza za mbao zinazozunguka kuta zote, milima ya plasta, madaraja, miji yenye maduka na taa, na treni za uwiano wa 1:87, yaani sentimita moja pale ni sentimita 87 za treni halisi. Mtu hujenga jioni na wikiendi kwa miaka ishirini au thelathini. Kisha anastaafu, au anaugua, au watoto wanamtaka ahamie karibu nao, na nyumba inaingia sokoni.

Hapo ndipo maneno yasiyo ya kweli yanapoanza kuwagharimu watu: mwenye reli, warithi wake, na hata mnunuzi, wakiwemo ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaonunua nyumba kule na kukuta reli imefungwa ukutani. Naandika kwa sababu naithamini sana kazi hii ya mikono, na inaniuma ikiishia dampo kwa kuwa tu hakuna aliyeuliza mapema.

Dhana: Reli ni samani. Siku ya kuhama unaibeba kama kabati.

Reli nyingi za aina hii zilijengwa mle mle chumbani, kipande baada ya kipande, na hazijawahi kupita mlangoni. Fremu ya meza imefungwa kwa skrubu kwenye nguzo za ukuta. Vyuma vya reli vimelehemiwa kwenye maungio. Chini ya ubao zinapita nyaya nyingi mno, na anayejua kila waya unakwenda wapi mara nyingi ni mtu mmoja tu. Mlima wa plasta ulioumbwa juu ya wavu huonekana imara, lakini ukiinamishwa kidogo unapasuka kama ganda la yai.

Kuikata inawezekana, ila ina utaratibu wake. Kwanza unatafuta mstari wa kukata usiopita kwenye swichi za reli (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili), daraja wala jengo. Kila waya unaovuka mstari huo unatiwa lebo pande zote mbili kabla ya kukatwa. Reli zenyewe zinakatwa kwa kisahani chembamba cha kukatia chuma, na hapo ndipo msumeno unaruhusiwa kugusa ubao. Kila kipande kinatengenezewa fremu yake mpya, maana kile kilichokuwa kinakishikilia ni ukuta. Ukishamaliza yote hayo, chumba cha nyumba mpya kina umbo jingine: nguzo iko kwingine, ngazi zinashukia kwingine, na kona iliyobeba mji wako mkuu haipo. Ndiyo maana reli nyingi zilizofungwa ukutani huvunjwa.

Dhana: Basi hakuna reli inayohama.

Zipo zinazohama, nazo ni zile ambazo mjenzi alifikiria kuhama kabla hajapiga msumari wa kwanza. Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la Model Railroader, alieneza fremu ya mihimili yenye umbo la herufi L ambayo skrubu zake zote zinaingizwa kutoka chini, hivyo mbao za fremu zinasogezwa au kufunguliwa bila kuharibu mandhari ya juu. David Barrow wa Texas alipendekeza kujenga kwa meza ndogo zinazofanana, za kama futi 2 kwa 4, zinazopangwa kama dhumna. Tangu miaka ya 1970, wapenzi wa treni ndogo zaidi za 1:160 wamekuwa na kanuni za pamoja ziitwazo NTRAK: kila mtu anajenga meza yake nyumbani, anaitia garini, na ukumbini meza za watu wengi zinabanwa pamoja zikawa reli moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa John Allen, mpiga picha wa Monterey, California. Reli yake, Gorre & Daphetid, ilianza katika miaka ya 1940 kama meza moja ya futi 3 na inchi 7 kwa futi 6 na inchi 8. Alipohamia nyumba nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanza kujenga reli kubwa ya kujaza besimenti, ile meza ndogo ilikwenda naye na ikaingizwa ndani ya reli mpya kama sehemu ya nchi yake. Iliweza kuhama kwa sababu ilikuwa ndogo na ilisimama yenyewe. Ile kubwa haikubahatika. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya reli hiyo. Wajenzi wa leo wanaijua na wanajifunza kwayo kwa sababu alikuwa ameipiga picha nyingi nzuri. Kwa hiyo piga picha na video kabla ya kufungua skrubu hata moja, treni zikiwa zinatembea na taa za miji zikiwaka.

Dhana: Reli nzuri inapandisha bei ya nyumba.

Mwenye reli anaona miaka yake thelathini. Mnunuzi anaona chumba alichotaka kuweka televisheni, mashine za mazoezi au kitanda cha wageni, na anaanza kupiga hesabu ya kubomoa. Dalali mzoefu kwa kawaida atashauri iondolewe kabla ya picha za tangazo kupigwa. Mpenzi wa treni anayetafuta nyumba katika mtaa huo huo, kwa bei hiyo hiyo, mwezi huo huo, anaweza kutokea, lakini usipange kuhama kwa kumtegemea.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitazamii, nalo ni ukaguzi wa nyumba. Kanuni za umeme za Marekani zinataka mbele ya sanduku kuu la umeme pawe na nafasi wazi ya kina cha inchi 36 na upana wa inchi 30. Reli inayozunguka besimenti mara nyingi inapita hapo hapo, au mbele ya valvu ya maji, au inaziba ukuta ambao mkaguzi anataka kuuangalia kama una nyufa na unyevu. Mauzo yanaweza kukwama kwa ajili ya kipande kimoja cha meza. Kikiondolewa, kinaacha matundu ya skrubu na ubao wa mandhari ya anga uliopindwa kwenye kona, na hayo nayo yanahitaji kuzibwa na kupakwa rangi.

Dhana: Ni yangu, nitaichukua nikipata nafasi. Au kinyume chake: kilichomo ndani kinakwenda na nyumba.

Zote mbili ni hatari. Mahakama ya Juu ya Ohio, katika kesi ya Teaff dhidi ya Hewitt ya mwaka 1853, iliyohusu mashine za kiwanda cha sufu, iliweka vipimo vitatu ambavyo mahakama nyingi za Marekani zinavifuata hadi leo. Je, kitu kimeunganishwa na jengo? Je, kinaendana na matumizi ya jengo? Na je, aliyekiweka alikusudia kiwe sehemu ya jengo daima? Meza iliyosimama kwa miguu yake ni mali inayohamishika, haina mjadala. Fremu iliyofungwa kwenye kuta nne tayari inaleta ubishi, na ubishi kati ya muuzaji na mnunuzi ni ghali.

Dawa yake ni mstari mmoja katika mkataba wa mauziano: reli inaondoka, au reli inabaki pamoja na vitu hivi na hivi. Uingereza kuna fomu maalumu ya mauzo ya nyumba, TA10, ambamo muuzaji anaorodhesha kinachobaki na kinachoondoka. Reli iandikwe humo. Ukinyamaza, unaweza kufika siku ya ukaguzi wa mwisho mnunuzi akadai chumba kiwe tupu na kimefagiliwa, kama mikataba mingi inavyosema, na wewe una saa chache na msumeno.

Dhana: Pesa nilizotumia zitarudi.

Mbao, plasta, nyaya na miti haviuziki. Thamani iko kwenye vitu vinavyofunguka: vichwa vya treni, mabehewa, mitambo ya kidijitali ya kuendeshea, swichi za reli, na majengo yaliyojengwa kwa ustadi. Vichwa na mabehewa yenye maboksi yake ya awali huuzika vizuri zaidi, kwa hiyo anayetupa maboksi anatupa pesa. Vichwa vya shaba vilivyotengenezwa kwa mkono Japani na baadaye Korea Kusini viliwahi kuuzwa kwa bei kubwa mno, ila treni za plastiki zilipokuwa nzuri bei hizo zilishuka kwa vingi kati yake. Anayenunua mkusanyiko mzima kwa mkupuo atatoa kidogo, kwani naye lazima apate faida na abaki na visivyouzika. Kuuza kimoja kimoja kunaleta zaidi, lakini kunakula miezi, na mauzo ya nyumba hayasubiri.

Swichi usizing'oe kwa nguvu. Kokoto ndogo za kando ya reli kwa kawaida zimeshikwa na gundi nyeupe iliyozimuliwa. Mwagia maji ya moto, subiri ilainike, kisha ingiza skrepa nyembamba chini yake na uinue polepole.

Dhana: Makumbusho wataichukua.

Ni nadra. Hawana nafasi, na gharama ya kuihamisha ni kubwa. Vilabu vya wapenzi wa treni hupokea kwa moyo vichwa, mabehewa na vifaa. Anayetaka punguzo la kodi Marekani kwa mchango wa vitu vya thamani inayozidi dola 5,000 anahitaji mkadiria thamani aliyehitimu, na taarifa iwasilishwe kwenye Fomu 8283 ya mamlaka ya kodi.

Dhana: Watoto watajua la kufanya.

Hawatajua. Kwao behewa la dola kumi na kichwa cha dola elfu vinafanana. Mwenye reli aandike orodha yeye mwenyewe akiwa mzima: kitu gani, boksi lake liko wapi, alikinunua lini, na rafiki yupi wa kilabu apigiwe simu.

Dhana: Ukiikuta kwenye nyumba uliyonunua, chukua nyundo.

Kwanza hakikisha mkataba unasema ni yako. Kisha mtafute mpenzi wa treni wa karibu. NMRA, chama cha kitaifa cha wapenzi wa treni za mfano kilichoanzishwa mwaka 1935, kina matawi Marekani nzima, na si ajabu ukapata watu watakaokuja kuifungua wenyewe wakiachiwa vifaa. Kama ilijengwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, usiivunje plasta yake kabla haijapimwa, kwani wajenzi wengine wa zamani walichanganya asbesto humo, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Ukipata majibu kwamba ni salama, chomoa umeme wote, toa treni, toa majengo, toa swichi, halafu ndipo uguse mbao.