Kabla hujaposti "nukuu ya Oscar Wilde"

Maswali kuhusu Oscar Wilde, mwandishi wa Ireland wa karne ya 19, yamezidi sana hapa kaunta ya maktaba toka British Library ya London ilipomrudishia kadi yake ya msomaji Oktoba 2025, miaka 130 baada ya kufutwa. Tunashukuru hamu imeongezeka. Ila wengi wanakuja na skrinishoti ya ule msemo wa kuwa wewe mwenyewe maana wengine wote wameshachukuliwa, wanataka tuwaonyeshe ukurasa. Jamani haupo. Tamthilia haumo, mashairi haumo, na kumfokea mhudumu hakutauleta.

La pili, eti alifungwa kwa sababu ya maandishi. Hapana. Mwaka 1895 yeye mwenyewe alimshtaki Marquess wa Queensberry, baba wa mpenzi wake, kwa kumkashifu, kesi ikamgeukia, akahukumiwa kwa mahusiano na wanaume, miaka 2 na kazi ngumu, ambayo ndiyo ilikuwa adhabu ya juu kabisa kwa kifungu kile cha sheria ya Uingereza ya 1885 kilichokataza mahusiano hayo, yaani kulala kwenye ubao na kuchambua nyuzi za kamba kuukuu mpaka vidole vinachubuka. Kadi ya maktaba nayo ikafutwa mwaka huohuo.

Ushairi ndio watu hawausomi, wakati alianza nao. Akiwa Oxford alishinda tuzo ya Newdigate mwaka 1878 kwa shairi la Ravenna, na Requiescat alimwandikia mdogo wake Isola aliyefariki 1867 hajafika hata miaka kumi. Kubwa zaidi ni The Ballad of Reading Gaol. Julai 1896, Wilde akiwa bado ndani ya gereza la Reading, alinyongwa humo askari mmoja, Charles Thomas Wooldridge, aliyemuua mke wake. Wilde alipotoka akaliandika shairi hilo kuhusu kunyongwa huko, likachapwa 1898 bila jina lake, kwenye jalada ni C.3.3 tu, namba ya selo yake, na jina halisi lilikuja kuwekwa 1899. Ule mstari wa kila mtu kuua anachokipenda umetoka humo, huo kweli ni wake, sasa nyie mnaouweka kwenye kadi za harusi sijui mnamwambia nini bibi harusi.

Utaratibu wa kuhakiki: njoo na kadi, jaza fomu, andika jina la kazi sio "Wilde alisema", shairi taja ubeti, tamthilia taja tendo na mhusika, maana mhusika akiropoka sio mwandishi kasema. Fomu isiyo na jina la kazi inarudishwa. Amefariki 30 Novemba 1900 kwa hiyo hakimiliki imeshaisha, mashairi yenyewe unaweza kunakili, lakini tafsiri na maelezo ya wahariri wa sasa yana wenyewe, kopi ya kitabu kizima hatutoi.

Diwani ya kuazima iko moja, siku 14. Ukichelewa kadi inasimamishwa, ukipoteza diwani unanunua nyingine toleo lilelile, na kupiga mistari kwa kalamu ya wino tunahesabu umeiharibu.